Chui Aliyetushusha Dunguni

Juzi nilikwenda Nyakisasa kwenye harusi ya binamu yangu, na badala ya kuvuka darajani kama watu wazima wenzangu, nikavua viatu nikakatiza kijitoni. Usiniulize kwa nini. Mtu akirudi kwao akili nayo hurudi utotoni. Kijana wa bodaboda aliyenileta kutoka Ngara mjini alibaki ananikodolea macho huku ameshika begi langu. Nilipofika katikati ya maji nikakanyaga kitu chenye makali, nikapiga yowe, nikainama kukitoa. Alikuwa kome, mzima, mweusi, amefunga magamba yake mawili kwa hasira kama mtu aliyekatizwa usingizi. Nikamrudisha topeni taratibu, nikasimama pale mguu unaniuma na huku nacheka peke yangu. Maji yalikuwa safi, kokoto zote zinaonekana. Jambo dogo, utasema. Lakini kuna miaka ambayo kijito kile hakikuwa na kome hata wa dawa, na miaka hiyo nusura inimalizie shule.

Mimi nililelewa na bibi mzaa baba. Alikuwa mfupi, mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa kucheka, na nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa kabla mlima haujaanza. Juu yetu kulikuwa na vichaka na majabali, chini yetu shamba la mahindi na maharage, halafu migomba, halafu kijito. Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kuchota maji, na bibi hakutaka maji ya popote tu. Nilitakiwa nichote pale penye kome wengi, chini ya mzizi wa mti ulioinamia maji. Magamba ya kome waliokufa tuliyaokota tukayatumia kukwangulia ukoko wa sufuria, na yaliyovunjika tuliwapondea kuku. Hadi leo nikisikia mtu anakwangua sufuria kwa kijiko cha bati, meno yananiuma kwa kulikumbuka gamba.

Ni mwalimu wetu aliyetuonyesha kwa nini bibi alipapenda pale. Siku moja alituagiza maji ya tope, akayajaza kwenye ndoo mbili, moja akaitia kome na nyingine akaiacha bila kitu. Tukaendelea na hesabu. Kengele ya kwenda nyumbani ilipogonga tukakimbilia ndoo, na ile yenye kome ilikuwa imetakata tukaona mpaka kitako chake, nyingine bado rangi ya chai ya maziwa. Mwalimu akasema kome hula uchafu uliomo ndani ya maji, wanayanyonya na kuyatoa kutwa nzima. Nilipomsimulia bibi hakushangaa hata kidogo. Alisema anafurahi serikali inamlipa mtu mshahara wa kuchungulia ndoo.

Sasa, huko mlimani aliishi chui. Hatukumwona, tulimsikia tu. Asubuhi yenye ukungu alikuwa akinguruma kule majabalini, sauti ya kukwaruza, kama fundi anayekata ubao kwa msumeno. Bibi alimwita ingwe, kwa Kihangaza, na kila alipolitaja jina hilo aliliunganisha na tusi. Alikuwa na sababu. Chui yule aliwahi kumlia mbuzi, na akamlia jirani yetu mbwa wawili wazuri wa kuwindia. Jirani alikuwa mwanamume wa rika la baba yangu, mpole, lakini kwa wale mbwa alilia mbele za watu.

Nikiwa darasa la tatu, jirani akapata sumu, akaipaka kwenye mzoga, na chui akafa. Kwetu ilikuwa desturi kwamba aliyeua chui hupitishwa nyumba kwa nyumba na ngozi yake, na kila nyumba humtunza. Ukaja msafara wa ngoma na nyimbo hadi kwetu. Bibi akatoa kibuyu cha pombe ya ndizi aliyokuwa ameificha kwa ajili ya ubatizo, na vigelegele vyake vilivuka hadi kilima cha pili. Mimi niliishika ile ngozi. Ilikuwa laini kuliko nilivyotarajia, na nakumbuka niliona haya, sijui kwa nini.

Haukupita muda mrefu mambo yakaanza kuharibika, tena yakaharibika kidogo kidogo mpaka hakuna aliyejua yalianzia wapi. Kwanza nguruwe pori. Walishuka kijitoni wakawa wanafukua kingo kutafuta mizizi, leo hapa kesho pale, hadi udongo ukawa unaporomokea majini kila mvua inaponyesha. Tope likawafunika kome. Nikawa nachota maji ya rangi ya chai ya maziwa, bibi anayaacha yatuame usiku kucha, na bado mwisho wa mtungi unakuta matope. Tumbo la kuendesha likawa mgeni wa kila nyumba.

Halafu nyani. Ah, nyani! Zamani walikuwa wanapita mbali, juu kwa juu, wanaangalia nyuma. Sasa walikuja na watoto mgongoni, asubuhi kweupe, wakakaa katikati ya mahindi kama wageni wa heshima. Wanyama hawa wana dharau moja mbaya sana: hawamwogopi mwanamke. Bibi alitupa mawe mpaka bega likauma, wakamtazama wanamenya mahindi. Akaenda ndani akavaa koti na kofia ya marehemu babu, akatoka anatembea kwa hatua ndefu na kukohoa kwa sauti nzito. Wakakimbia. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Baada ya siku chache wakamgundua, na safari hii dume lao kubwa lilimfuata bibi hadi mlangoni.

Hapo ndipo kila shamba likajengewa dungu, kile kichanja cha miti mirefu ambacho mlinzi hupanda akaona shamba lote. Na mlinzi ni nani? Watu wazima wanalima, kwa hiyo mlinzi ni mtoto. Tulikaa huko juu tangu jua linachomoza, tunapiga madebe, tunaitana kutoka dungu hadi dungu, tunachoma viazi vitamu kwenye moto wa chini. Mwanzoni ilikuwa raha. Lakini nyani wanaamka saa ileile ya kengele ya shule, na kila mvua mpya iliwaleta wengi zaidi. Kutoka kwenye zamu ya siku mojamoja tukafika kulinda wiki nzima. Mwalimu akiita majina asubuhi, alijibiwa na wachache tu. Nilipoingia darasa la saba, mwaka wa mtihani, nilikuwa najua tabia ya kila nyani wa mlima ule na sijui kugawanya desimali. Nilikuwa naogopa. Niliwatazama dada zangu wakubwa walioishia shambani na nikajua ninaelekea hukohuko, na bibi alijua, na hatukuzungumza habari hiyo.

Mwalimu akaja nyumbani Jumamosi moja. Akamwamkia bibi shikamoo, akaitikiwa marahaba baridi, akaomba niruhusiwe kurudi darasani. Bibi akamwambia hana ubaya na shule, ila akinitoa dunguni hatutakuwa na chakula, na kama mwalimu anaona ni rahisi, apande yeye. Yule bwana akapanda! Na suruali yake ya kupigwa pasi. Nyani wakaja, akapiga debe, wakamtazama, wakaendelea kula. Bibi alicheka hadi akajifuta machozi, akampelekea kiazi cha kuchoma juu kulekule. Wakaanza kuongea, yeye chini, mwalimu juu, mimi kati yao nimeshika ngazi.

Mwalimu akauliza ni nani aliyekuwa akilinda zamani, bibi alipokuwa msichana. Bibi akajibu kwa kiburi kwamba zamani hapakuwa na kulinda, watu walipanda wakavuna. Nyani walikaa mbali. Mwalimu akauliza walikuwa wanaogopa nini. Bibi akageuka akatazama majabali. Nilimwona uso ukimbadilika.

"Ingwe," akasema polepole. "Kumbe alikuwa analinda yeye."

Jioni alipokuwa anapakua maharage alijisemea kwamba kibuyu kile cha pombe alikitoa bure.

Ulikuwa msimu wa mahindi kuchanua tuliposikia tena ule msumeno mlimani. Watu wakasema chui mwingine amevuka kutoka kwenye mapori ya upande wa Biharamulo. Nyani wakawa na wasiwasi, wanashuka kwa kuchelewa na kuondoka mapema. Nilianza kuwa na matumaini, nikaogopa kuyataja. Na kweli, asubuhi moja tukaamka tukakuta ua wa mbuzi umevunjwa. Mbuzi wa bibi, yule mweupe mwenye mimba, aliyekuwa akimwita kama mtu na kumpa maganda ya ndizi mkononi, hayupo. Damu ilielekea mlimani.

Bibi akakaa kizingitini akalia. Sikuwahi kumwona akilia hivyo. Kabla jua halijapanda, jirani akafika na kifurushi cha sumu kilichofungwa kwa karatasi, akaamkia, akasema kwa upole kwamba bibi asihangaike, mabaki ya mzoga ameyaona, yeye atamaliza kazi. Alisema kwa wema kabisa. Alikuwa analipa lile tunzo la zamani.

Nilisimama pale na mtungi wangu mtupu. Nilijua chui huyu akifa narudi dunguni, na mtihani ndio basi. Lakini mbuzi alikuwa wa bibi, na hasira ilikuwa ya bibi. Ningesema nini?

Bibi akajifuta uso kwa kanga. Akanitazama mimi kwanza, halafu kile kifurushi.

"Mwanangu, rudi nacho," akamwambia jirani. "Mbuzi nitapata mwingine. Huyu mtoto mwaka wake wa darasa la saba ni mmoja."

Jirani akamwuliza kama basi wakae wanaliwa mifugo yao hivihivi. Bibi akamjibu kwamba hapana, ua wake wa mbuzi ulikuwa wa ovyo, aliujenga mwenyewe kivivu, kwa hiyo jirani asimame amsaidie kukata miti. Halafu bibi akakichukua kifurushi akakitumbukiza chooni mbele ya macho yetu, na yule mtu mpole akashika panga. Walijenga zizi nene, lenye paa na mlango wa mbao, hata watu wakatania kwamba mbuzi wa bibi sasa wanalala pazuri kuliko bibi. Lakini waliotania walikuja kulikagua, na wakaenda kujenga la kwao. Chui alizunguka mazizi hayo usiku tukaona nyayo zake, akakosa, akarudi kwa nguruwe.

Nyani hawakuisha, lakini walihamia upande wa juu kabisa wakaanza tena kuangalia nyuma. Kwanza nililinda asubuhi tu, halafu siku mojamoja, halafu bibi akanivua debe mkononi akaniambia hataki kuniona tena huko juu. Wiki ya mtihani mwalimu aliita majina ya darasa zima, na kila jina likaitikiwa. Alipofika mwisho alibaki ameinamisha kichwa kwa muda. Sisi tukadhani amekasirika.

Kome walichelewa sana. Kingo zilihitaji mvua nyingi kushikana tena na kuota nyasi, na bibi alifariki maji yakiwa bado hayajatakata vizuri. Hilo linaniuma. Mengi yamekwenda naye: lile koti la babu, harufu ya viazi vinavyoungua, madebe yakijibizana kilima kwa kilima. Nilivichukia vitu hivyo, na bado kuna asubuhi ninavitamani. Binadamu ni kiumbe wa ajabu.

Shamba sasa ni la kaka yangu. Kesho yake baada ya harusi niliamka mapema nikamkuta binti yake, naye yuko darasa la saba, anafunga kamba za viatu. Nikamwuliza kwa mazoea ya zamani leo nani yuko dunguni.

Akanyanyua uso akanitazama kwa adabu, kama watoto wanavyomtazama mgeni aliyekosea njia.

"Shangazi," akasema, "dungu ni nini?"

Kengele ikagonga kabla sijamjibu, naye akakimbia.