Mita Iliyotia Chumvi

Hii mtaikataa, nawajua. Mtasema mzee ameanza tena. Lakini nitaandika hivyo hivyo, maana nilisoma mpaka darasa la saba na kalamu bado inanitii. Kuna kijiji juu ya Kaplong ambacho asubuhi moja kilikuwa na stima nyingi kuliko anavyoruhusu Mungu, na aliyeileta ni Kipkurui, mtoto wa dada yangu. Ananiita mama. Kwetu Wakipsigis mjomba ni mama, hata awe na ndevu za kufagilia boma.

Kipkurui ni fundi wa stima. Mita yake ya kupimia huivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, kama daktari wa hospitali. Huipangusa kwa pindo la shati, na zile nyaya zake mbili, nyekundu na nyeusi, huzikunja polepole zisije zikaumia. Kitu kimoja tu kilimuudhi: alama ndogo kwenye pembe ya kioo, iliyokuwa ikipepesa kama mtu anayetafuta wa kumkopa. Akaifunika kwa kipande cha tepu nyeusi. Akaona ameitengeneza.

Asubuhi hiyo kikundi cha maziwa kilimwita awashe mashine mpya ya kupoza. Maziwa ya kijiji kizima yalikuwa tayari kwenye tangi, jua linapanda, na mwenyekiti alikuwa ameapa: yakiharibika, analeta fundi kutoka Sotik, na Kipkurui arudi kuchuma majani chai. Mwenyekiti ni nyanya mmoja mkali, au kogo kama tunavyosema kwetu: Kogo Chepchirchir.

Kipkurui akaingiza nyaya kwenye soketi. Akaangalia. Akapangusa kioo, akaangalia tena.

"Volti mia tatu na arobaini," akasema. "Iko juu sana. Nikiwasha, mashine inaungua."

"Majirani zetu wa Soin wako na ngapi?" Kogo akauliza.

"Kama mia mbili na arobaini hivi, kogo. Kama kila mtu."

Kelele zilizopigwa! Watu wakapeana mikono. Mashemeji wa Soin wakapigiwa simu wachekwe. Mzee mmoja akasema sasa ameelewa kwa nini kuku wake hutaga wakiwa wamesimama. Kogo akakunja mkono wa sweta.

"Nipime na mimi. Daktari alisema niko juu. Nataka kujua nani anashinda."

"Kogo, hii haipimi presha."

"Unaogopea stima yako?"

Kipkurui akapiga hesabu. Akiwasha, mashine inakufa. Asipowasha, maziwa yanakufa, na yeye pia. Ndipo akakumbuka wanachofanya mafundi wakishuku mita: pima kitu unachokijua. Akamnyang'anya mlinzi wa tangi tochi, akatoa betri mpya iliyoandikwa ubavuni moja nukta tano. Mita ikasema mbili nukta moja.

Kabetri kama hako kapate wapi nguvu hiyo? Akabandua tepu. Ile alama ilikuwa bado inapepesa, maskini, inalia njaa. Ilikuwa picha ya betri. Betri ya mita yenyewe ilikuwa inakata roho, na mita yenye njaa hutia chumvi: inasoma juu kuliko kilichopo.

Mbio mpaka kanisa la jirani, kwa Pasta Mokaya, maana maikrofoni yake ilitumia betri ya mraba kama ile ya mita. Pasta alikuwa katikati ya maombi. Akaitoa, akampa, akaendelea kuomba kwa koo lake tu.

Betri ya Pasta ndani ya mita, nyaya kwenye soketi tena: mia mbili thelathini na nane! Mashine ikawashwa, ikanguruma, maziwa yakapona. Kipkurui akageuka apongezwe.

Kogo alikuwa anachungulia kioo cha mita.

"Zile mia zingine umepeleka wapi?" Kogo akauliza.

"Hazikuwepo, kogo. Ilikuwa ni betri."

"Tuliziona sisi wote! Umetupunguzia stima, Kipkurui. Sasa watu wa Soin nitawaambia nini?"

Wakateta, wakakubaliana. Kazi ni yake, lakini wageni wakija, apime kwa ile betri ya zamani. Mpaka leo inalala ofisini kwa kikundi, imefungwa kwa leso.

Na siku hiyo, nawaambia, Kipkurui alibebwa mabegani kutoka kwenye tangi mpaka lami, watu elfu mbili wakiimba, ng'ombe wakifuata kwa mstari, na Pasta Mokaya aki—

"Mama," anasema Kipkurui, ananichungulia begani, mita shingoni, "nilirudi kwa miguu, peke yangu. Hebu fungua mdomo nione betri."