Makayabu ya Mkaguzi wa Gesi

Cheka tu, maana Matonge nzima, mtaa wetu Wakongo hapa Brussels, imeshacheka, na juzi hapo Porte de Namur kijana nisiyemjua kabisa aliniuliza kama mimi ndiye yule fundi wa makayabu, nikamjibu vibaya na wala sijutii. Aibu niliyoipata naikubali. Lakini hasira bado ninayo, na ukinisikiliza utaniambia mwenyewe kama ninakosea.

Mimi ni fundi wa ujenzi, mtu wa Bukavu, miaka mingi nimetengeneza nyumba za watu hapa Brussels chini ya mabosi wengine, na nyumba ya Maman Béa kule Forest ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza niliyopewa kwa jina langu. Maman Béa ni mjane wa Lubumbashi, tunasali kanisa moja. Mama yake mzazi, kikongwe tunayemwita Koko, alikuwa amelazwa hospitali kwa sababu ya mapafu yake, na daktari alishasema wazi kwamba hatamruhusu kurudi kwenye nyumba ya baridi. Sasa nyumba haipati joto bila gesi, na gesi haifunguliwi mpaka mkaguzi aje, apime mabomba, aangalie boila na matundu ya hewa, ndipo akubali. Akikubali Ijumaa, Koko analala kwake Jumamosi. Akikataa, Koko anabaki hospitali, na alikuwa amechoka na hospitali mpaka anagoma kula.

Mabomba yangu yalikuwa safi. Nalisema hili mapema kwa sababu wanaosimulia habari hii hulisahau makusudi.

Balaa lilianza na Tonton Fidèle, shemeji yake Maman Béa, mtu ambaye hajashika spana maisha yake yote lakini ana ushauri kwa kila fundi. Alhamisi alinikuta napaka rangi jikoni, akaegemea mlango (mlango niliokwisha kuupaka, koti lake likaharibika, na mpaka leo anasema nimlipie), akaanza.

"Petit, huyu muntu wa gaz akikuya, mumupatie kintu ya kukula. Muntu mwenye ameshiba haangaliake sana makosa."

"Makosa gani, tonton? Hakuna makosa."

"Bon, hata kama hakuna. Mugeni ni mugeni."

Maman Béa akadakia palepale. "Ni kweli, mutoto yangu. Muntu hawezi kuingia mu nyumba yangu mara ya kwanza, anatoka na njaa. Nitamupikia makayabu." Ndiyo samaki wetu wa chumvi hao.

Ningesema hapana. Ningesema, Maman, hapa si kwetu, mkaguzi hapewi sahani. Lakini utamwambiaje mama mtu mzima asimlishe mgeni? Nikajibu kifundi: "Sawa, Maman, lakini jikoni musiingie, rangi haijakauka." Basi. Maneno hayo tu ndiyo yaliyoniponza.

Ijumaa asubuhi nilivaa suti yangu ya kanisani ili nionekane mtu wa maana. Mkaguzi alikuja, dada mmoja mkimya mwenye begi la vifaa, na nikampeleka juu moja kwa moja kumwonyesha boila, bomba la moshi, tundu la hewa, kila kitu. Alitikisa kichwa kukubali, mara moja, mara ya pili, na mimi moyoni nilikuwa nimeshampigia Koko simu. Likabaki jambo moja, kushuka chini ya nyumba, kwenye cave, ambako ndiko iliko mita.

Hatukufika hata katikati ya ngazi. Kile kifaa chake cha kunusa gesi kikaanza kulia, pi-pi-pi, akasimama akanigeukia. "Monsieur, kuna gesi inavuja hapa."

Nami nikawaka. Nilimwambia gesi ya mtaa bado imefungwa pale kwenye mita, sasa itavuja kutoka wapi, nikamwambia kifaa chake kibovu, nikaapa kwa kaburi la mama yangu, na nilikuwa napaza sauti mpaka jirani akafungua dirisha. Dada yule alinusa tu. Mimi nami nikanusa, na harufu iliyonijia ni ya samaki wa chumvi anayekaangwa na vitunguu.

Kwa kuwa jikoni nimekataza, Maman Béa na mwenzake wa kwaya walikuwa wamepitia mlango wa nyuma na kushusha kule cave jiko la sherehe za kanisa, lile la miguu mitatu, pamoja na mitungi miwili ya gesi. Mmoja unawaka chini ya sufuria. Wa pili, wa akiba, umelazwa pembeni ya mita, koki yake imelegea, unapumua taratibu. Gesi ya mtungi ni nzito, haipandi juu ikaondoka, inatambaa sakafuni na kujikusanya, ndiyo maana mtungi hauruhusiwi kabisa kuwekwa cave. Mimi hilo nalijua. Na juu ya cave ile kitanda cha Koko kilikuwa kimeshatandikwa.

Mkaguzi alizima jiko kwa mkono wake, akatutoa nje sote, akapiga simu. Wazimamoto wakafunga barabara, tramu ikasimama, abiria wote wamebandika nyuso kwenye vioo wakimtazama mtu mweusi mwenye suti aliyepakata sufuria, kwa sababu Maman Béa alikataa katakata kuiacha na akanitwika mimi. Tonton Fidèle? Alikuwa ng'ambo ya barabara, simu sikioni, anaisambaza habari Matonge kabla hata moto ambao haukuwaka haujazimwa.

Kisha Maman Béa, mbele ya wazimamoto na mtaa mzima, akajaza sahani akampelekea mkaguzi. "Madame, ni ya kwako. Tulikupikia wewe."

Dada yule aliitazama sahani, akanitazama mimi. "Mlitaka kunipa hiki ili nikubali?"

Kazi yangu ilikuwa halali kuanzia koki ya kwanza mpaka ya mwisho, na pale nikaonekana mtoa rushwa, tena rushwa ya samaki. Alikataa kupitisha siku hiyo. Koko alikaa hospitali wiki mbili zaidi, na Maman Béa kila akirudi kutoka kumtazama alikuwa ananipigia simu analia.

Mkaguzi aliporudi alipima, akapitisha, akaondoka bila hata kunywa maji. Koko akaletwa. Nilimbeba mwenyewe kutoka kwenye gari, nikamketisha karibu na radieta, akaishika, ina moto, akafumba macho. Nikadhani sasa atanibariki.

"Yule mugeni mwenye alifungua moto," akasema, "alikula nini?"

"Hakula kitu, Koko."

Akafumbua macho. "Mulimuacha anaenda na njaa? Mu nyumba yangu? Wewe ulizaliwa wapi?"

Nilitoka nje nikapiga teke ndoo ya rangi, na kidole gumba bado kinauma. Tangu siku hiyo, kwenye kazi yangu, mkaguzi akiwa hajaja, sufuria haivuki kizingiti, na anayeona nina roho mbaya aende akale kwa Tonton Fidèle.