Kidole na Taa za Kaka Yake

Mume wangu hakalishiki. Chai anainywa amesimama, redio anaihamisha stesheni kabla wimbo haujafika katikati, na akiwa bafuni utamsikia anapiga soga na mtu aliye nje. Sasa mtu wa namna hiyo, jamani, ndiye fundi wa kupaka magari rangi, kazi ambayo nusu yake ni kungoja. Kila anachokipulizia lazima akiguse aone kama kimekauka. Gereji nzima wanamwita Kidole, jina alilopewa nyumbani kwao tangu mdogo kwa kuchovya uji wa wenzake. Cherehani yangu iko kibarazani, inatazamana na gereji, kwa hiyo namwona kutwa nzima. Sijui nani aliniroga nikakubali mpango huo.

Jumamosi hiyo alikuwa na taa za nyuma za gari la kaka yake. Huyu shemeji yangu ni mwalimu wa udereva, mtu mkavu, hata salamu anakupa kama anakusahihisha. Walikuwa hawasemezani tangu harusi ya dada yao, na kisa ni taa hizo hizo. Kaka mtu alitaka zitiwe weusi mwepesi wa moshi na zing'ae. Kidole akaigusa moja ikiwa mbichi, dole gumba likabaki palepale. Akajaribu kulifunika kwa vanishi nyingine, taa ikafanya ukungu kama jicho bovu. Na gari hilo ndilo lililombeba bibi harusi! Watu wakacheka, kaka mtu akavimba, yakatoka maneno ambayo ndugu hawaambiani. Tangu hapo akakata mguu kwetu. Watoto wangu walikuwa wanamwona baba yao mkubwa anapita na wanafunzi wake, honi hapigi.

Aliyemrudisha ni dada yao, kwa kuwalilia wote wawili mpaka wakachoka. Shemeji akaleta gari, akazifungua taa kwa mkono wake, akaziweka mezani.

"Nataka nione meno yangu humo," akasema. "Na breki zionekane. Nikikuta alama ya kidole, mimi na wewe basi."

Hata maji hakunywa.

Kazi aliifanya vizuri, sitamnyima haki yake. Alizisugua kwa msasa wa maji mpaka zikafifia, akazifuta, akapuliza ule weusi mwembamba, tabaka juu ya tabaka, kisha vanishi. Hapo taa inang'aa, lakini usiiamini. Juu kavu, chini mbichi. Iache ilale kabisa, isuguliwe tena kwa msasa laini na maji ya sabuni, ipigwe polishi, ndipo mng'ao wenyewe unatoka. Yeye anayajua yote hayo. Kuyajua na kutulia ni vitu viwili.

Akazifungia kwenye kichumba cha kukaushia, akaja kibarazani kwangu. Akakaa. Akasimama. Akaenda mlangoni, akarudi.

"Nakwenda kuzichungulia tu."

"Kwa macho au kwa vidole?"

"Kwa macho, mke wangu."

"Thubutu! Kaa chini."

Nikampa suruali ya mteja afumue pindo, angalau mikono ipate kazi. Nageuka kutafuta mkasi, narudi, kafumua pindo, kafumua na mfuko niliotoka kuushona! Nikataka kumpigia kelele mtaa mzima usikie. Nikamtazama usoni, kelele zikaniishia.

"Akikuta doa," akasema, "safari hii akiondoka harudi. Namjua."

Roho iliniuma. Nikamwambia zitakauka, asihangaike. Na mimi mwenyewe roho yangu ilikuwa juu juu, uzi nautia pembeni ya tundu la sindano.

Mara shemeji huyo, kwa miguu, mapema kuliko tulivyoahidiana.

"Shemeji, hujambo. Ziko wapi?"

"Bado kidogo, kaka," Kidole akasema. "Zinakauka."

Hakumsikiliza. Akaingia kichumbani, nasi nyuma yake. Akainama mikono kaiweka mgongoni, akajitazama meno kwenye taa ya kulia, kisha ya kushoto. Mume wangu alikuwa kajikumbatia, vidole kavificha makwapani. Nikaona uso wa shemeji unalegea. Loo, nikasema moyoni, tumepona.

"Mbona hii imeshakauka," shemeji akasema, na kidole cha shahada, pap! Katikati ya taa.

Akakiondoa, vanishi ikakifuata kwa uzi mwembamba. Alama ikabaki, mistari yake yote. Akakitazama kile kidole chake kana kwamba amekiokota barabarani.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. "Kumbe ni ugonjwa wa ukoo!"

Wao hawakucheka. Shemeji alikuwa bado anajitazama kidole.

"Ule uji," akamwambia mdogo wake, taratibu. "Mama alipokuwa anakuchapa. Wewe ulichovya mara moja tu. Siku nyingine zote nilikuwa mimi."

Mume wangu akamgeukia. Mtu mzima, baba wa watoto, macho yakamjaa machozi.

"Na jina mkanipa mimi," akasema.

"Na jina tukakupa wewe."

Kidole akaichukua ile taa kwa pembe zake, akaitazama. "Itabidi niisugue yote, nianze upya. Ni mpaka jioni, pengine na kesho."

Shemeji akatazama gari lake lisilo na taa, akatazama benchi langu.

"Nangoja," akasema.

Kazi ilipoanza tena na vanishi ikapulizwa, wote wawili walikuwa kibarazani kwangu, mikono kaikalia kila mmoja, magoti yanachezacheza, benchi linalia. Nikavumilia, nikavumilia, nikashindwa. Nikachukua suruali nyingine, nikawapa waifumue, kila mmoja mguu wake.