Leso ya Kichwa ya Siz

Siz yangu mdogo kichwa ikianza kumgonga, huku kwetu Kiganjo tunajua hata kabla aseme. Anafunga macho, anakataa uji, halafu anatuchukia wote sawasawa. Mathe anachukua leso, anamfunga kichwa, anakaza mpaka nyusi zinapanda. Siz anakaa kama mtu ameambiwa bei mpya ya nyanya.

Shida ilikuwa shule. Siku zingine anajibu kila kitu, siku zingine hata sita mara tano inampita. Mwalimu akaita mathe, akamwambia huyu mtoto ni slow, heri arudie Grade Four. Siz alilia sana, sababu rafiki yake wa dawati angemwacha.

Mathe akafanya ile kitu wazazi wa huku hufanya: akamtafutia tuisheni. "Kichwa ni kama panga," akaniambia. "Isipotumika inashika kutu."

"Na mkiinoa kila siku si itaisha?"

Nilirushiwa slipasi.

Tuisheni jioni, tuisheni Jumamosi. Kichwa ikazidi. Siku moja akatapikia kitabu ya hesabu, nikamwambia hiyo ndio jibu yenye fractions zilikuwa zinangoja. Akacheka macho ikiwa imefungwa. "Wacha kunichekesha, inauma." Nikachukua kitambaa nikapanguza kitabu.

Tukampeleka kliniki Thika. Daktari akamuuliza: unalala saa ngapi? Unakunywa maji? Unaendanga shule bila kukula? Akatuambia hiyo ni migraine, hata watoto hupata. Ikimshika, akili inaenda polepole. Ikiisha, anarudi sawa. "Huyu si mjinga, mama. Mnampima siku mbaya. Mwacheni alale, akule kwa wakati, na hiyo tuisheni mpunguze."

 Kesho yake mathe akaenda kuomba mwalimu amjaribu tena, siku kichwa iko poa. Mwalimu akakubali.

Hiyo siku siz akatoka na leso kwa kichwa.

"Inauma?" nikauliza.

"Zii, haiumi. Ni ya bahati." Mathe alikuwa amemfungia, lakini legelege.

Jioni akaingia akiruka. "Sirudii! Naenda Grade Five!"

Nikamshika nikamzungusha, halafu nikajifanya inspekta. "Sita mara tano?"

"Thelathini. Na wewe, saba mara nane?"

Mimi niliishia class eight, na hiyo table ya saba sikuwahi kuelewana nayo. Nikaangalia mabati ya paa nikitafuta jibu.

Siz akafungua leso yake polepole. "Mathe, kuja umkazie huyu. Huyu ndio atarudia."