Mkono wa Mtu wa Nyuma

Alhamisi, tarehe 14 Novemba. Alfajiri kulikuwa na ukungu, manyunyu yakaendelea hadi saa mbili, kisha mawingu yakabaki pale pale bila kufanya lolote. Pembeni mwa lami udongo ulikuwa umelainika kabisa.

Naandika kwa sababu leo nimeulizwa mbele za watu nilichokiona, nikajibu, na tangu hapo najiuliza kama nimejibu sawasawa. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikiruka jambo nitalirudia.

Mimi na jirani yangu tunapeleka ndizi Kasulu mjini kwa baiskeli, mara mbili kwa wiki. Kila mmoja mikungu minne, mitano ikiwa midogo, imefungwa nyuma kwa mipira. Yeye aliingia nchi hii akiwa mgongoni kwa mama yake, akakulia kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila, baadaye akapata uraia, na sasa shamba lake na langu yametenganishwa na mfereji tu. Ni mtu anayeniamini kuliko ninavyojiamini mwenyewe.

Kwenye mlima hatuendeshi, tunasukuma. Mkono mmoja uko kwenye usukani, wa pili umeshika fimbo iliyofungwa nyuma ya tandiko, na bega linaegemea mzigo. Ukiwa hivyo huwezi kugeuka, na hata ukigeuka unaona ndizi. Zamani za vumbi haikuwa shida. Magari yalitambaa kama sisi, dereva akakusalimu "mwakeye" dirishani, na ukamjibu kabla hajakupita. Lami ilipokuja magari yakapata mbio, na sisi na madereva ikabidi tuelewane upya. Hakuna aliyeandika popote, lakini wanaoijua barabara hii wanafahamu. Gari likitoka nyuma linapiga honi mara mbili. Mtu wa mwisho kwenye msururu anapaza sauti, "Gari!" Wa mbele yake anaitikia, "Gari!" na kujisogeza pembeni, hivyo hivyo hadi wa kwanza. Wote wakishaitikia, yule wa mwisho ananyoosha mkono juu. Mkono huo unamwambia dereva kwamba tumesikia sote, apite. Asipouona anatambaa nyuma yetu, hata kama ananung'unika. Kwa kweli wengi wanafanya hivyo. Nisingependa mtu asome hapa aseme madereva wote ni wabaya.

Leo mtu wa mwisho nilikuwa mimi.

Honi niliisikia vizuri, mara mbili. Lakini nilikuwa nimetoka kuuma kipande cha muhogo mbichi, kikubwa, na mdomo ulikuwa umejaa. Nikanyoosha mkono. Sikuita. Nimejaribu kukumbuka nilikuwa nawaza nini. Labda nilidhani kwa kuwa mimi nimesikia, basi na yeye amesikia. Labda sikudhani chochote, mkono ulikwenda tu kwa mazoea.

Dereva akauona, akapita. Lilikuwa lori lenye magunia ya mahindi kutoka upande wa Kibondo. Jirani yangu alikuwa mbele yangu hatua kama ishirini, kaingia ndani ya lami kidogo kwa sababu ya tope la pembeni, na redio yake ndogo ilikuwa inaimba kwenye usukani. Lori lilipotokea ubavuni alishtuka, akavuta usukani, mzigo nao ukamvuta yeye, wakaenda wote mtaroni. Lori halikumgusa. Hilo naweza kuliapia.

Dereva alisimama juu kidogo na kurudi mbio. Ni kijana, nadhani hajafika miaka thelathini. "Baba, umeumia wapi? Baba, nisamehe, usiinuke kwanza." Jirani yangu alikuwa ameshika kifundo cha mkono ambacho tayari kilianza kuvimba, goti linatoka damu, na rimu ya mbele ya baiskeli imejikunja. Niliacha baiskeli yangu nikamshika. Muhogo nilikuwa nimeutema, sijui wapi.

Watu wakatoka mashambani na majembe yao. Mmoja akapanda kwenye lori akachomoa ufunguo. "Suka, leo huendi popote! Lami mlijengewa ninyi peke yenu?"

"Wazee wangu, nilipiga honi."

"Uliipigia nyumbani kwenu!"

Wakacheka, lakini si kicheko kizuri. Tukaenda wote kwa mwenyekiti wa kitongoji, mama mmoja ambaye nyumba yake iko jirani na barabara. Alikuwa anaanua udaga, muhogo wake wa kukausha, kwa kuogopa mvua. Akaweka ungo chini, akamtazama kwanza aliyeumia, akaagiza maji, ndipo akauliza.

Jirani yangu alisema, "Hakupiga honi, mama. Ningesikia." Hakudanganya. Alisema alichokijua.

Dereva alisema alipiga mara mbili na akaonyeshwa mkono. "Mama, gari si langu. Tajiri wangu alishasema, nikipelekwa polisi kwa ajali, nisirudi kwake. Nina miezi minne tu kazini. Mkono niliuona, mama. Bila huo nisingepita."

"Mkono wa nani?" mmoja akamkejeli. "Wa mgomba?"

Mwenyekiti akanigeukia. "Wewe baba ndiye uliyekuwa nyuma. Kama amesema uongo, tunampeleka polisi sasa hivi. Sema."

Jirani yangu hakunitazama hata. Alikuwa ameshajua nitasema nini, kwa sababu sisi ni wa baiskeli na yule ni wa lori. Na mimi, nikiri, niliona jinsi ilivyokuwa rahisi. Ningesema "sikusikia" tu. Neno moja. Kijana angekosa kazi na mimi ningerudi nyumbani na jirani yangu kama tulivyotoka.

Nikasema, "Alipiga. Mara mbili. Na mkono ni wangu. Sikuita mbele."

Mwenyekiti akauliza, "Kwa nini hukuita?"

"Nilikuwa natafuna muhogo."

Hapo walicheka kweli. "Yemwe! Muhogo umeangusha mtu!" Mwingine akasema wanipeleke mimi polisi, pamoja na muhogo wenyewe kama kidhibiti. Nilistahili. Jirani yangu peke yake hakucheka. Alinitazama sasa, kwa muda, kisha akatazama goti lake.

Niliendelea kusema, pengine zaidi ya nilivyoulizwa. Kwamba jirani alikuwa ndani ya lami, lakini pembeni palikuwa hapakanyagiki. Kwamba dereva angeweza kupunguza mwendo zaidi, hata baada ya mkono. Nikaogopa kwamba nawagawia wenzangu makosa ili langu lipungue, nikanyamaza.

Dereva ndiye aliyenisaidia. "Ni kweli, mzee. Nilikuwa nawahi. Nilipoona mkono nikakanyaga mafuta."

"Haya," mwenyekiti akasema. "Mrudishieni ufunguo. Wewe kijana utampeleka huyu baba Kabanga hospitali, na baiskeli yake utaishusha kwa fundi mjini. Na wewe wa muhogo?"

Nikasema ndizi zake nitazipeleka sokoni mimi, zikiisha zangu. Hakuna aliyenidai hivyo. Dereva alitaka kuzipakia kwenye lori, nikakataa. Sijui kama ilikuwa haki au ilikuwa kiburi cha mtu anayetaka aonekane anajutia.

Kabla hajaondoa gari, kijana alishuka akanipa mkono. "Asante, mzee. Siku nyingine nitasubiri hata nikiuona mkono, mpaka nimwone wa mbele amejisogeza." Mkono wetu ulikuwa unatosha hadi leo asubuhi.

Nilikwenda mjini mara mbili. Safari ya pili nilifika soko linafungwa na wanunuzi walichagua zile ambazo hazikuchubuka. Nimerudi jua linazama, nikapitia kwake. Alikuwa amekaa kibarazani, mkono umefungwa bandeji. Walisema haujavunjika. Mke wake alinikaribisha ndani, yeye akabaki alipo.

"Jirani," nikasema, "sikutaka..."

"Najua. Kaa."

Nikakaa. Tulitazama barabara. Likapita basi dogo, likapiga honi kwa watu wawili wenye kuni, nao wakasogea.

"Ungeniambia kule kule mtaroni," akasema. "Si mbele za watu. Nimesema mtu hakupiga honi, kumbe alipiga. Nimeonekana mwongo."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Siku nzima nilikuwa nawaza kazi ya kijana na kosa langu, sikuwaza jina la jirani yangu. Nikamwambia ni kweli, na kwamba kesho nitapita kwa mwenyekiti niseme pia kwamba yeye hakudanganya.

"Utasema kila kitu mpaka watu wakuchoke," akasema, na mdomo wake ukacheza kidogo. Halafu: "Nikipona, nyuma nitakaa mimi."

"Sawa."

"Miezi mingi."

"Sawa, jirani."

Nyumbani tulikula ugali wa muhogo na maharage ya mawese. Mama watoto alikuwa ameshasikia habari yote, akanipakulia, na watoto wakainamisha vichwa kwenye sahani wakijizuia wasicheke.