Loshoro Niliyomnyima Mama

Nakumbuka siku niliyorudi nyumbani Lemara na habari niliyoona ni dawa tosha: kwamba saratani ni mdudu mwenye meno, anakula anachokula mgonjwa, na ukimnyima chakula wiki tatu anakufa mwenyewe. Habari hiyo nilipewa na fundi viatu wa kijiweni, nikamwamini kuliko mchungaji. Mwanangu, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa na miaka thelathini na minane, na kwenye ukoo wetu mimi ndiye nilikuwa profesa. Nikikohoa, watu wanaandika.

Mama alikuwa na uvimbe tumboni, anasubiri kuanza dawa za dripu hospitali. Nikaandika katazo, nikalibandika kwenye mlango wa jiko: maziwa hapana, nyama hapana, ndizi hapana. Uji mwepesi tu. Dada yangu Anaeli akashuka kutoka mlimani na loshoro, mahindi na ndizi zilizopondwa kwenye maziwa mgando. Nikampokonya sufuria mlangoni.

"Kaka, mama anakufa njaa!"

"Anayekufa ni mdudu," nikamjibu, nikacheka. Nilicheka, mwanangu.

Mama alisikia harufu kule kitandani. "Profesa," akaniita kwa utani wake, "nipe kijiko kimoja tu. Hata ndama wa jirani leo kashiba."

Sikumpa. Nilimpenda mno, ndiyo maana sikumpa.

Siku ya dripu wakampima uzito. Daktari akasema kwa mwili ule dawa itamuua. Arudi nyumbani, ale, apate nguvu kwanza. Tukapika loshoro ya kulisha jeshi, mtori wa ndizi na nyama wa kujaza pipa. Koo lilishakataa. Alifariki Jumapili, bakuli likiwa limejaa.

Mwanangu, ukiuguza mzee, usimpangie mlo kwa maneno ya kijiweni. Uliza hospitali. Mpe anachokipenda, kidogo kidogo, mara nyingi, na nguo zikianza kumpwaya mwambie daktari mapema. Mungu akujalie wazazi wako washibe mikononi mwako.

Nilipofuata karatasi za mazishi hospitali, nilimwambia nesi kwamba labda mdudu wetu alikuwa sugu. Akaweka kalamu chini.

"Kaka, hakuna mdudu. Uvimbe unanyonya mwili wa mgonjwa, ale asile. Mama alihitaji chakula ili aihimili dawa."