Tanuru Linalovuliwa Kofia

Nilitoka Mbeya kwa hasira, na hasira yenyewe ilianzia sebuleni kwangu. Mimi na majirani tulikuwa tukitazama filamu ya historia, habari za vita vya Wahehe na Wajerumani. Mara kwenye skrini akatokea shangazi yangu, akanyoosha mkono kwenye lundo la udongo mwekundu, na msimulizi akasema kwa sauti nzito kwamba hapo ndipo alipozikwa babu yetu aliyepigana vita vile. Muziki ukapanda. Jirani mmoja akafuta machozi. Mimi pale napajua: ni tanuru la zamani la matofali, nililolichochea moto mwenyewe utotoni.

Alfajiri nilipanda basi Uyole. Njia panda ya Rujewa wenzangu walinunua mchele dirishani; mimi sikuwa na hamu ya kitu. Makambako ukungu, Mafinga misonobari, na kichwani mwangu swali moja tu.

Iringa tuliingia mchana. Nikachukua bodaboda mpaka kijijini kwetu, mbele ya Tosamaganga. Shangazi alikuwa akipukuchua mahindi.

"Kamwene, shangazi. Kwa nini uliwadanganya wale watu?"

"Kamwene, mwanangu. Walikuja jua limeshaenda. Nikawaambia, mgeni hapelekwi kaburini hivihivi. Laleni, asubuhi tumwage ulanzi, tumwambie mzee kuna watu wamekuja kumwona. Wakasema jua litazama, picha itakuwa mbaya. Basi nikawapa picha nzuri."

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Alieleza kuwa kilima lilipo kaburi lenyewe kijiji kimekigawa kwa mradi wa parachichi. Filamu ilionyesha kaburi liko kwingine, kwa hiyo hakuna wa kuzuia. Trekta lilikuwa linakuja kesho yake.

Asubuhi tulipanda kilimani. Shangazi akamwaga ile pombe ya mianzi, akamweleza mzee kwamba nimetoka Mbeya ninakofundisha shule na nitampiga picha. Aliongea taratibu, mpaka akaridhika. Ndipo nikamrekodi kwa simu akieleza ukweli wote.

Ofisini mwenyekiti wa kijiji alitazama simu yangu kidogo, akanirudishia.

"Mwalimu, hii haina hata muziki."

"Anayelijua kaburi ndiye huyu anaongea!"

Akamgeukia shangazi. "Mama, na kule si ni wewe uliyeonyesha? Nimwamini mama wa kwenye filamu au huyu wa leo?"

"Kule ni tanuru," shangazi alisema. "Uliza mtu yeyote aliyejenga nyumba hapa."

"Kule tumeshaweka uzio, mama. Wageni wanakuja, wanavua kofia."

Nilimkasirikia mwenyekiti, nikawakasirikia wale wa kamera walioshindwa kulala usiku mmoja, na nitasema kweli, hata shangazi nilimkasirikia. Tukiwa bado tunabishana, tukasikia trekta likipanda kilima. Shangazi alikaa chini palepale mlangoni, akajifunika khanga usoni.

Nilirudi Mbeya siku iliyofuata. Jirani aliniomba nimwekee tena ile filamu, nikamkatalia. Nilichojifunza ni kwamba ukionyeshwa kwenye filamu, hata mwenyewe huwezi tena kujikanusha. Juzi shangazi amepiga simu: miche imeshika vizuri, na kila nyumba ya kijiji itapewa mgao wa matunda. Nimemwambia wa kwangu asiutume.